Mashimo mawili ya kete yanatosha kuwa kompyuta?

Fundi Redio: Wakuu, otomata ya hali zenye kikomo, yaani mashine ya kwenye karatasi inayokumbuka tu iko hali gani kati ya chache ilizopewa, haiwezi hata kuhakiki kama mabano yamefungwa sawasawa, maana haina pa kuhesabia. Ipe steki moja, yaani rundo la kuweka na kutoa vitu juu tu, inaweza. Ipe mbili, imelingana na mashine ya Turing, ile ya kufikirika inayoweza kukokotoa chochote ambacho kompyuta inaweza. Hapo sina ugomvi. Ila Minsky, yule mwanasayansi wa kompyuta, anadai badala ya steki, vihesabio viwili vya namba tu vinatosha: ongeza, punguza, chungulia kama kuna kitu. Mashimo mawili ya bao! Mimi naita mazingaombwe.

Kitope: Mazingaombwe kwa aliyesinzia darasani. Kila steki unaiiga kwa vihesabio viwili, kwa hiyo steki mbili ni namba nne: a, b, c, d. Zifunge ndani ya moja: 2ᵃ × 3ᵇ × 5ᶜ × 7ᵈ. Unataka b iongezeke? Toa kete moja shimo hili, tia tatu lile, mpaka la kwanza likauke. Umezidisha kwa 3. Kupunguza, toa tatu tia moja. Minsky, 1961.

Fundi Redio: Nani alisinzia? Mimi nilipata B+. Wewe tunajua ulidisko mwaka wa pili.

Kitope: Sikudisko. Niliahirisha mwaka.

Mla Mbivu: 😂😂 Bongo hii hajawahi kudisko mtu, wote waliahirisha.

Mama Kompyuta: Wanangu, Kitope karuka kitu. Hizo namba nani kazifunga? Ukiiwekea namba n mbichi shimoni, bila kuifunga kwanza kama 2ⁿ, mashine ya vihesabio viwili haiwezi kukutolea 2ⁿ. Mtafiti Schroeppel alithibitisha pale chuo cha MIT, Marekani, 1972 kama sijakosea. Vikiwa vitatu inawezekana. Kwa hiyo viwili vina nguvu za Turing endapo tu ingizo limekuja limeshafungwa.

Mla Mbivu: Shikamoo Mama. Tuko kwenye kuahirisha mwaka.

Kifaru: Mnahangaika bure. Simu yangu ina kumbukumbu yenye mwisho, basi nayo ni otomata ya hali zenye kikomo. Turing wa nini?

Kitope: Kumbukumbu GB 4 ni biti bilioni 34 na ushei. Hali zake ni 2 kwa kipeo cha hizo. Zichore kwenye daftari, ukimaliza tuite.

Kifaru: Zina kikomo, hazina?

Kitope: Zina.

Kifaru: Basi.

Fundi Redio: Kitope, weka cheti hapa.

Kitope: Nikiweka utakula? Mjibu Mama kwanza.

Fundi Redio: Mama kanipa haki, nimjibu nini? Cheti.

Mama Kompyuta: Sijampa mtu haki mimi.

Mla Mbivu: Kaahirisha 😂