Molekuli zangu zinagoma kujipanga: niongeze muda au nibadili modeli?

Mkemia_Usiku: Wakuu, heshima kwenu. Tasnifu yangu ni uigaji wa kompyuta wa fuwele kimiminika (dutu inayotiririka huku molekuli zake zikielekea upande mmoja) aina ya 5CB. Nimevuruga molekuli 64 ndani ya boksi, nikaziendesha nanosekunde 20 kwenye kelvini 300, yaani kama nyuzi 27 za Selsiasi. Maabara dutu hii hujipanga yenyewe kati ya nyuzi 24 na 35 za Selsiasi, kwa hiyo nimo ndani kabisa. Lakini kipimo cha mpangilio, S (0 ni vurugu tupu, 1 ni mpangilio kamili), kinapanda 0.2, kinashuka 0.1, kinapanda tena. Kwenye picha naona tano sita zimelala sambamba pembeni, nikisogeza mbele kidogo zimeshatawanyika. Msimamizi anataka nihamie modeli ya punje, ile inayofunga atomu kama nne kuwa punje moja. Nina wiki sita. Nimsikilize?

Nematiki: Pole mkuu. Hiyo 0.2 isikupe matumaini. Kwa molekuli 64, hata kimiminika kilichovurugika kabisa hukupa S ya karibu 0.1, maana kelele hupungua polepole idadi inapoongezeka. Weka 500 hivi, na muda uhesabu kwa mamia ya nanosekunde. Kisha endesha mara mbili: boksi moja lianze limevurugwa, jingine limepangwa. Yakikutana kwenye S ileile, hapo una matokeo.

Mkemia_Usiku: Lililopangwa nililijaribu jana. Limetoka 0.9 hadi 0.6 na bado linashuka.

Bi_Entropia: Basi hujafika, mdogo wangu, liache lishuke. Kagua pia vigezo vya nguvu unavyotumia, yaani namba zinazoiambia kompyuta jinsi atomu zinavyovutana na kusukumana. Vile vya jumla vinaweza kusogeza joto la mpito, lile ambalo mpangilio huvunjika, kwa makumi ya nyuzi, kwa hiyo 300 ya modeli yako si lazima iwe 300 ya maabara. Pima joto kadhaa, chini na juu yake.

Kuhusu punje, inategemea unauliza nini. Mwanasayansi Lars Onsager alionyesha mwaka 1949 kuwa hata vijiti vigumu visivyovutana hujipanga vikisongamana, umbo peke yake latosha. Kwa swali la namna hiyo punje zinafaa sana, na hatua ya muda, yaani mruko mmoja wa hesabu, inakuwa femtosekunde 20 badala ya 2, kwa hiyo unakwenda mbali haraka zaidi. Ila 5CB ina kichwa cha nitrili (kaboni na nitrojeni zilizoungana) kinachofanya molekuli jirani zilale kichwa kwa mkia, na joto la mpito katika familia yake hupanda na kushuka kufuata mkia wenye kaboni witiri au shufwa. Punje humeza tofauti ya kaboni moja.

Mkemia_Usiku: Swali langu ni la mkia hasa, dada. Nabaki na atomu. Maboksi mawili ya molekuli 512 yameanza kukimbia usiku huu, na msimamizi nimemwandikia sababu.