Jeni ni zilezile, mbona saratani ya tezi dume huhamia mifupani?

Mwana wa Elgon, Mbale

Habari zenu wanajukwaa. Mzee wetu aliondolewa korodani, ambazo ndizo hutengeneza homoni ya kiume (testosteroni), baada ya saratani ya tezi dume kukutwa imeshafika kwenye uti wa mgongo. PSA, yaani protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, ikashuka hadi 2, maumivu ya kiuno yakapoa, hata akarudi kupalilia kahawa yake. Lakini kipimo cha mwisho kimesoma 38, na daktari anasema seli za saratani zimezoea kuishi bila homoni. Shuleni tulifundishwa kwamba seli zote za mwili hubeba jeni zilezile. Ikiwa ndivyo, ni kitu gani kinachoifanya seli ya tezi dume ikaote mfupani, na inawezaje kuzoea kukosa homoni?

Mtu wa Maabara, Kampala

Pole kwa kuuguza, ndugu yangu. Kubeba jeni ni jambo moja na kuitumia ni jingine: seli ya ini na seli ya tezi dume zina jeni zilezile, ila kila moja hufungua zile zinazohusu kazi yake na kuzifunga nyingine. Katika tezi dume, msimamizi mkuu ni protini iitwayo kipokezi cha androjeni, yaani cha homoni za kiume. Kikishikwa na testosteroni, huingia ndani ya kiini cha seli, hujibana kwenye DNA na kuwasha jeni nyingi, mojawapo ikiwa ile inayotengeneza PSA. Kwa hiyo hiyo 38 iliyoandikwa kwenye karatasi ya mzee mimi naisoma hivi: msimamizi amerudi kazini.

Charles Huggins alionyesha mwaka 1941 kwamba kuondoa homoni huidhoofisha saratani hii, lakini seli zinazosalia zina njia zake. Baadhi huzidisha nakala za jeni ya kipokezi hicho, hata homoni kidogo inayotokana na tezi za juu ya figo ikazitosha. Nyingine hutengeneza kipokezi kilichokatika, AR-V7, ambacho hakina kabisa sehemu ya kushikia homoni na hivyo hufanya kazi bila kuisubiri.

Mwanafunzi wa Udaktari, Mbarara

Niongeze kuhusu kuhama. Mwaka 2002 watafiti wa Michigan walionyesha kwamba protini EZH2 huwa nyingi zaidi katika saratani ya tezi dume iliyosambaa kuliko katika ile iliyobaki mahali pake. Protini hiyo huweka alama za kemikali zinazonyamazisha jeni, mojawapo ikiwa ile ya E-kadherini, ambayo hushikanisha seli na jirani zake; ikipungua, seli hung'oka kwa urahisi. Zikifika mfupani huwa za ajabu zaidi, maana huwasha RUNX2, jeni inayotawala ujenzi wa mfupa, na kuanza kuiga tabia za wenyeji. Ndiyo sababu eksirei mara nyingi huonyesha madoa meupe ya mfupa uliojengwa ovyo.

Muuguzi Mstaafu, Gulu

Naafikiana nanyi, ila muulizaji asidhani kwamba DNA yenyewe haiguswi. Saratani iliyosambaa mara nyingi imepoteza PTEN au TP53, jeni zinazozuia saratani, na wapo waliorithi kasoro ya BRCA2, jeni inayosaidia kukarabati DNA. Tena udhibiti wenyewe huweza kuvurugwa na DNA iliyovunjika: katika muungano wa jeni mbili, TMPRSS2 na ERG, uliogunduliwa mwaka 2005, jeni ya ERG huangukia chini ya amri ya androjeni. Muungano huo huonekana kwa takriban nusu ya wagonjwa wenye asili ya Ulaya na kwa Waafrika ni wachache zaidi, kwa hiyo sipendi matokeo ya huko yaletwe kwetu kama yalivyo.

Mwana wa Elgon, Mbale

Nawashukuru. Je, mzee bado ana dawa ya kutumia?

Mtu wa Maabara, Kampala

Zipo za kumuuliza daktari. Abirateroni huzuia utengenezaji wa homoni popote mwilini, na enzalutamidi hukizuia kipokezi chenyewe. Zote mbili huweza kushindwa mbele ya AR-V7, na hapo dositakseli, inayozuia seli kugawanyika, huwa na nafasi nzuri zaidi. Nanyi watoto wake wa kiume zungumzeni na daktari kuhusu kupima PSA mapema, kwa kuwa mwenye baba aliyeugua yuko katika hatari kubwa kuliko wengine.