Naombeni ushauri: nimseme vipi bibi kwenye arobaini bila kumvunjia babu heshima?

Mleta uzi
Wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Bibi mzaa baba alitutoka mwezi uliopita hapa Temeke. Jumamosi ni arobaini yake, na wazee wamesema baada ya hitima mimi mjukuu mkubwa niseme machache.

Siku ya maziko ilisomwa historia fupi: kazaliwa Kilwa, kaolewa 1971, kaacha mume, watoto watano, wajukuu 14. Yote kweli, ila bibi yangu simwoni humo. Ninayemjua mimi saa tisa usiku alikuwa macho anapepea jiko la mkaa, chuma cha vitumbua kimeshika moto, chumba kizima kinanukia iliki. Mkono wake wa kulia ulijaa alama ndogo ndogo za mafuta ya moto. Utotoni nilikuwa nazihesabu mpaka nalala. Tena alikuwa kijumbe wa upatu wa akina mama mtaani. Daftari lake tunalo, majina kwa penseli, kila jina lina tiki.

Tatizo ni hili. Vitumbua vilianza miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipobinafsishwa na babu akapunguzwa kazini. Ada, kodi ya nyumba, hata nauli ya babu kufuatilia mafao, vilitoka kwenye beseni lile. Baba mkubwa hataki nilitaje, eti nitamdhalilisha mzee mbele ya wakwe. Nami nikiliruka, sina cha kusema.

mpwa_wa_tandika
Pole sana mkuu, Mungu amrehemu. Baba mkubwa ana hoja. Wapo wanaokuja kusikiliza ili wakasimulie. Sema alikuwa na mumewe kwa shida na raha, inatosha.

mama_wawili
Haitoshi. Mama yangu naye alisemewa hiyo "shida na raha", na mpaka leo inaniuma, maana anasemewa kila mtu. Litaje beseni, kaka. Ila usianze na babu kukosa kazi, anza na bibi na jiko lake.

mzee_wa_kusini
Kijana, mbona unatuuliza sisi na mwenyewe yuko hai? Kaa naye mkekani baada ya Isha umsomee. Atakachokataa, futa. Arobaini yenyewe watu tuna mitazamo tofauti, siingii huko, lakini kutaja mema ya marehemu ni jambo zuri. Na muulize walivyovuka Rufiji. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, sisi wa kusini tulikuwa watu wa kungoja pantoni. Bi harusi wa 1971 hakosi kisa hapo.

Mleta uzi
Nimetoka kwa babu sasa hivi. Alisikiliza kimya. Nilipofika kwenye vitumbua akanyanyua mkono, moyo ukanidunda.

"Umeandika kama alikuwa peke yake," akasema. "Mchele nilikuwa naloweka mimi. Nazi nakuna mimi, hawa wakiwa wamelala. Yeye alikuwa ananiambia, baba fulani, lala, nami silali."

Baba mkubwa alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa akilijua hilo. Akaja akakaa chini, akaomba karatasi, akasoma mwenyewe toka mwanzo.

Nazi naiongeza. Kisa cha pantoni babu amesema ni cha kesho, leo amechoka. Asanteni sana.