Mrejesho: vitamini E ndani ya chembe nano za polima

Wadau, mwezi uliopita nililia hapa kwamba ninaponyunyiza vitamini na polima (aina ya plastiki) vilivyoyeyushwa kwa asetoni ndani ya kaboni dayoksaidi yenye presha kubwa, nikishusha presha tu, chembe zangu (punje ndogo mno) zinagandamana kama ugali uliolala. Asanteni sana. Aliyesema mchawi ni asetoni iliyobaki alipatia: sasa nikimaliza kunyunyiza, napitisha kaboni dayoksaidi saa nzima, nyuzi 40, presha ya baa 90 (kama mara 90 ya presha ya hewa), ndipo nafungua vali polepole. Unga unamwagika kama poda ya mtoto.

Na wewe uliyenishauri nipoze pampu kwa barafu, ubarikiwe! Gesi hii ikipita nyuzi 31 haikai kimiminika tena, na kwa jua la Kisumu pampu, ambayo husukuma kimiminika, ilikuwa ikihangaika bure. Kichwa cha pampu nimekizungushia barafu ya wauza samaki.

Kupandisha presha hadi baa 150 kulinitia hasara: vitamini yenyewe iliyeyuka ikaondoka na gesi. Hata kwa baa 90, sehemu ya vitamini bado inanitoroka.