Kutafuta majibu mtandaoni: swali zima au maneno machache?

Mkulima_Mbozi
Wakuu, habari za leo. Viwavijeshi vamizi wamerudi kwenye mahindi yangu, na majibu yote nayatafuta kwa simu. Njia ninazotumia ni tatu: kuandika maneno machache kwenye Google, kuuliza swali zima kwa Kiswahili kwenye ChatGPT, au kuuliza hivyohivyo kwenye Perplexity, mtambo mwingine wa akili bandia unaojibu maswali. Ninachotaka ni kipimo cha dawa kwa pampu ya lita 16, na kila ninapouliza napewa kipimo tofauti. Ipi ya kuaminika?

Binti_Maktaba
Kaka, kuuliza swali zima kulianza zamani. Ask Jeeves, tovuti ya kutafutia majibu, ilianzishwa California mwaka 1996 kwa kazi hiyohiyo, lakini nyuma yake kulikuwa na wahariri waliopanga maswali na majibu kwa mkono. Ukiuliza ambalo halikupangwa, ulikuwa unatoka patupu. Google ilipokuja mwaka 1998 wengi wetu tukazoea maneno mawili matatu. Mwaka 2019 ikaanza kutumia BERT, programu ya kuelewa lugha inayosoma neno pamoja na majirani zake, kwa hiyo kaneno kadogo kama "bila" kakaanza kuhesabika. Kwa kuelewa jambo geni, mimi nauliza swali zima. Kwa namba, hapana.

Pwani_Tech
Mimi niko upande wa Perplexity, kwa sababu inaweka viungo vya ilikotoa jibu. Na bando linaokoka, huhitaji kufungua kurasa kumi zenye matangazo.

Binti_Maktaba
Viungo vina faida kwa anayevifungua, Pwani. Ukiuliza kwa Kiswahili, mara nyingi chanzo ni ukurasa wa Kiingereza wa nchi nyingine, wenye dawa ambazo duka la Mbozi halina.

Bwanashamba_Iringa
Hapo ndipo penye shida. Mkulima, swali zima litumie kutambua mdudu. Eleza unachokiona: majani ya katikati yana matundu, kuna kinyesi kama unga wa mbao, kiwavi ana alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne yaliyojipanga kama mraba karibu na mkia. Ukieleza hivyo utapewa jina sahihi, na hapo mitambo hii inasaidia kweli.

Kipimo ni habari nyingine. Kiambato kimoja (kemikali yenyewe inayoua mdudu), kwa mfano emamectin benzoate, kinauzwa kwa nguvu tofauti, kila kampuni na kopo lake. Mtambo ukisoma kurasa tano unaweza kukuchanganyia makopo matano. Nenda Google, andika jina la kiambato, kisha site:go.tz, upate kurasa za serikali pekee. Ongeza filetype:pdf ukitaka nyaraka zenyewe. Orodha ya viuatilifu vilivyosajiliwa iko TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania. Kipimo cha mwisho ni cha lebo ya kopo ulilonunua.

Nakuru_Mkulima
Huku Kenya nami hufanya hivyo kwa site:kalro.org, tovuti ya taasisi yetu ya utafiti wa kilimo, halafu dawa naihakiki kwa PCPB, bodi inayosajili viuatilifu. Inafanya kazi vizuri sana.

Mwalimu_Hesabu
Vipimo vinapishana pia kwa sababu lebo nyingine zinasema kwa hekta, nyingine kwa lita ya maji, nyingine kwa pampu ya lita 20. Hekta moja ni ekari 2.47. Lebo ikisema mililita 500 kwa hekta, ekari inataka kama 202. Wolfram Alpha, iliyofunguliwa mwaka 2009, inakokotoa yenyewe badala ya kukuletea kurasa. Shida yake haielewi Kiswahili.

Mkulima_Mbozi
Asanteni sana. Kopo langu linasema kwa hekta, sasa nimejua kwa nini majibu yalipishana. Ila ekari moja inakula pampu ngapi? Hilo nalo kila mahali wanasema lao.

Bwanashamba_Iringa
Hilo usilitafute mtandaoni, linategemea nozeli yako na mwendo wako. Pima eneo la mita 10 kwa 10, jaza pampu maji matupu, tembea kama unavyopuliza siku zote, kisha angalia lita zilizotumika. Zidisha kwa 40 upate za ekari, gawa kwa 16. Halafu dawa ya ekari igawe kwa idadi hiyo ya pampu. Upulizie asubuhi na mapema au jioni, ukielekeza kwenye moyo wa mhindi, pale majani machanga yanapochomoza, viwavi wakiwa bado wadogo.