Babu alikuwa kuli Kilindini mwaka wa mgomo mkubwa: chama chake kilikuwa kipi?

Mjukuu wa Rabai

Hamjambo nyote. Juzi tumefungua sanduku la marehemu babu yangu mzaa baba. Chini kabisa, chini ya kanzu, nimekuta kulabu ya chuma, mpini wake wa mti umesuguliwa na kiganja mpaka unang'aa. Babu alikuwa kuli Kilindini, bandari ya Mombasa. Kulabu hiyo ndiyo aliyokuwa akinasia gunia kabla ya kulitupa begani.

Bibi yu hai, amepita miaka 90, na akiishika tu anaanza: "mwaka wa mgomo mkubwa". Anasema babu alitoka alfajiri kama siku zote, lakini hakushika njia ya bandarini. Alikwenda kiwanjani. Siku ya pili vivyo hivyo, mpaka zikatimia siku kumi na mbili. Nyumbani walikula mihogo aliyoshusha kaka yake babu kutoka Rabai.

Nikiuliza watu naambiwa, "Huyo alikuwa Dockworkers Union, chama cha Mboya." Lakini baba amezaliwa 1949, na bibi anaapa kwamba mgomo huo ulipotokea hakuwa na mtoto hata mmoja. Sasa babu alikuwa chama gani? Ningependa kuandika jina lake sawasawa kwenye historia ya ukoo wetu.

Mwana wa Likoni

Ndugu yangu, bibi huenda amechanganya miaka. Mgomo wa makuli unaojulikana ni wa Machi 1955. Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alitoka Nairobi akiwa na miaka 24, akasimama kati ya wafanyakazi na matajiri, na mshahara ukapanda. Dockworkers Union ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, mwaka mmoja tu.

Karani Mstaafu

Mwana wa Likoni, la 1955 ni kweli, lakini bibi hakuchanganya kitu. Mpeni bibi haki yake. Mgomo anaousema ulianza Jumatatu, 13 Januari 1947, na siku zake ndizo hizo hizo, kumi na mbili.

Mie nimehesabu shehena gatini miaka mingi, na nilipoingia kazini wazee wa 1947 walikuwa bado wapo. Hawakuwa wakiuita mgomo wa makuli. Walikuwa wakisema "mji uligoma". Na ndivyo ilivyokuwa. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi: makuli, watu wa reli, wa mahoteli, matarishi wa maofisini, mpaka maboi na wapishi wa majumbani kwa Wazungu. Vita vilikuwa vimekwisha lakini bei za vitu zilibaki juu, kodi ya chumba ilimla mtu mshahara, na mwenye kazi ya mwezi alikuwa hajui atafikaje mwisho wa mwezi.

Mwanangu, kuhusu swali lako, babu yako hakuwa na chama. Namaanisha chama cha kadi na risiti. Alikuwa na kiwanja. Kiliitwa Kiwanja cha Maskini, na kila siku ya mgomo watu walikutana pale, wakapeana habari, wakaamua pamoja la kufanya kesho yake. Hapo ndipo kilipopata nguvu kile kilichokuja kuitwa African Workers Federation, Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika. Halikuuliza wewe ni kuli au mpishi, Mgiriama au Mjaluo. Ukifanya kazi Mombasa, ulikuwa wake.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo moja, maana vijana wengi hawalioni. Babu yako alikuwa kibarua wa siku. Alfajiri anasimama langoni na wenzake, serangi, yaani msimamizi, anachagua watu wa gengi lake, jioni analipwa, kesho wanaanza upya. Ukisikia hivyo unasema huyu ni mnyonge, hana kazi. Lakini mtu wa namna hiyo utamfukuzaje? Hana kazi ya kumnyang'anya. Akitaka kugoma halazimiki kuandika barua wala kumuaga mtu. Anakosa kutokea langoni, basi. Na kama ana kaka Rabai mwenye mihogo, meli itakaa na mzigo wake wakati yeye anakula. Makuli walikuwa wamelijua hilo zamani. Waligoma 1934 walipopunguziwa ujira, na 1939 mji ulisimama tena. Kwa hiyo, hiyo mihogo aliyokutajia bibi iandike. Ni sehemu ya mgomo.

Watu walirudi kazini baada ya Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria, kuja kuwaambia kwamba madai yao yatasikilizwa. Likaundwa baraza la kuamua madai hayo chini ya Jaji Thacker, huyo huyo aliyemhukumu Kenyatta kule Kapenguria baadaye. Mishahara iliongezwa. Lakini wakubwa walikuwa wameshaona hatari iko wapi: ni kule kukaa pamoja kwa kuli na mpishi. Kiongozi wa Shirikisho, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti 1947, akapelekwa Kabarnet, Baringo, mbali kabisa na bahari. Kisha yakaja mafundisho mapya kutoka serikalini: kila kazi iwe na chama chake, kila chama kisajiliwe, kishughulike na mambo yake. Na vibarua wa bandarini wakaanza kuandikishwa, ili kila mtu ajulikane na ahesabiwe siku zake.

Dockworkers Union imezaliwa katika hali hiyo. Nimekuwa mwanachama wake na siisemi vibaya. Imetupatia mengi, na Denis Akumu aliiongoza kwa ushupavu. Ila mpishi wa Mzungu hakuwa na mlango wa kuingilia mle. Kiwanjani alikuwa anakaa bega kwa bega na babu yako.

Binti wa Kariakoo

Shikamoo Karani. Naongeza kidogo toka huku Dar. Mwaka huo huo, Septemba 1947, makuli wetu nao waligoma, na mgomo ukapanda na reli ya kati ukaingia bara. Walikuwa wameshagoma 1939 na 1943. Baada ya 1947 wakapata chama chao, na Abdulwahid Sykes akawa katibu wake kwa muda. Kikavunjwa baada ya mgomo wa 1950. Unguja nako makuli waligoma Agosti 1948. Habari zilikuwa zinasafiri na meli zile zile walizozipakua.

Karani Mstaafu

Marahaba binti. Ndivyo. Baharia akishuka Kilindini alikuwa na yote ya Dar mdomoni.

Mjukuu wa Rabai

Ahsanteni sana. Jana usiku nimemsomea bibi maneno yote ya Mzee Karani, polepole, maana masikio yamechoka. Nilipofika Kiwanja cha Maskini akanishika mkono. Anasema yeye mwenyewe alikwenda siku tatu, amejitwika mtungi wa maji kwa ajili ya waliokaa juani, na mama mmoja Mkamba jirani yao alikuwa akitangulia na vikombe. Miaka yote hii hakutuambia. Tulikuwa tunamuuliza habari za babu tu.

Nilipofika kwa Chege akaniambia nisimame. Akauliza: "Huyo kijana, waliwahi kumrudisha?"

Karani Mstaafu

Mwambie bibi aliachiliwa, lakini baada ya miaka kama kumi. Na hizo habari za mtungi ziandike kesho asubuhi, kabla hujaandika za babu. Muulize na jina la yule mama Mkamba.