A-Frame, Unity, Godot au mota na waya: ipi inafaa kujifunzia ubunifu wa sauti, mguso na VR?

Kisiki_cha_Mpingo (mwanzisha mada)

Wakuu, naomba ulinganisho wenye namba, siyo "inategemea". Lengo ni kujifunza kubuni uhalisia pepe ambamo sauti na mguso vina kazi yake, visiwe mapambo ya picha. Vifaa vilivyopo: laptopu ya RAM GB 8, simu ya Android, hedifoni za waya. Miwani ya VR bado.

Ili tusizunguke, kila njia tuipime kwa zoezi moja: ngoma ya kupigwa kwa mkono. Isikike kutoka pale ilipo, na mkono uhisi pigo. Njia nilizonazo mezani ni A-Frame (maktaba ya kujenga VR kwenye kivinjari), Unity na Godot (programu za kujengea michezo na VR), au kuanza na Arduino (bodi ndogo ya kuprogramu) na mota ya mtetemo kabla ya kugusa VR yenyewe.

pikseli_pwani

A-Frame, bila kusita, kwa hali hiyo ya vifaa. Maktaba yake ni faili moja lisilofika MB 2, unaandika HTML, na mabadiliko unayaona ukifungua ukurasa upya. Bando halikuliwi.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sauti ya A-Frame tayari inapita kwenye HRTF, yaani kichujio kinachoiga jinsi kichwa na masikio yanavyobadilisha sauti kulingana na upande inakotoka. Hulipii wala huongezi kitu. Ngoma yako ni mstari mmoja:

`<a-entity position="0 1 -1" sound="src: #ngoma; poolSize: 6"></a-entity>`

Hiyo poolSize (idadi ya milio inayoweza kulia kwa pamoja) usiiache. Kwa kawaida ni 1, na maana yake ukipiga pigo la pili kabla mlio wa kwanza haujaisha, pigo hilo halitasikika. Kwa ngoma ni balaa.

Kujaribu bila miwani: pandisha ukurasa GitHub Pages (huduma ya kuweka kurasa mtandaoni) ili upate HTTPS, yaani anwani salama, fungua kwenye simu, vaa hedifoni za waya, shika simu mbele ya uso na ugeuke mwili mzima. Kamera hufuata simu, na masikio hufuata kamera. Ngoma ikibaki mahali pake wakati wewe unageuka, sauti yako imekaa sawa. Ikigeuka nawe, umesahau kuiweka kwenye nafasi yake au umeibandika kwenye kamera.

Bakari_wa_Desibeli

Nakubaliana na pikseli, ila naomba niongeze kuhusu faili lenyewe, maana hapo ndipo kazi nyingi huharibika kabla ya programu kuhusika.

Faili liwe mono (njia moja ya sauti). Faili la stirio likilazimishwa kuwa nukta moja kwenye nafasi, upana wake unagombana na uelekeo unaoutaka. Rekodi kwa 48 kHz, kata ukimya wote wa mwanzoni mpaka wimbi lianze pale pale pigo linapoanza. Usitumie MP3 kwa pigo: usimbaji wake huongeza kipande cha ukimya mwanzoni, mara nyingi zaidi ya milisekunde 20, hata kama ulikata vizuri. WAV au OGG.

Rekodi nguvu tatu (pigo laini, la kati, kali), kila moja mara nne, programu ichague mojawapo bila mpangilio. Kuongeza kiwango cha sauti tu kwa pigo laini hakulifanyi kuwa kali. Ngozi ya ngoma ikipigwa kwa nguvu hubadilika rangi ya mlio, siyo ukubwa peke yake.

Na msitumie hedifoni za Bluetooth kupima chochote chenye pigo. Za kawaida huchelewesha milisekunde 100 hadi 300. Utakaa wiki unatafuta kosa kwenye msimbo ambao hauna kosa.

Sikio pia hukosea mbele na nyuma. Sauti ya mbele kabisa na ya nyuma kabisa hufika masikio yote mawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo mtu asiyegeuza kichwa hubahatisha. Dawa ni kichwa kugeuka kidogo, na sauti yenye masafa mengi ndani yake. Mluzi safi wa toni moja ni mgumu kuuelekeza. Pigo la ngoma, lenye ukali wa mwanzo, ni rahisi.

Nahodha_XR

Mnamdanganya mwenzetu kwa wema. A-Frame itamfikisha kwenye sauti, ila kazi za VR zinazolipa nyingi ziko Unity, na kozi nyingi pia. Unity Learn ina Create with VR, bure. Coursera kuna Extended Reality for Everybody ya Chuo Kikuu cha Michigan, unaweza kuomba msaada wa ada. Kosa la kozi hizi ni kwamba sauti na mtetemo havipewi nafasi kubwa kama picha, hivyo ngoma yako utaijenga pembeni mwenyewe.

Sasa namba. Unity Personal ni bure, lakini kihariri (programu yenyewe unayojengea) pamoja na moduli ya Android vitakula GB 15 hivi za diski. RAM GB 8 inaendesha, ila funga kila kitu kingine na ukubali kusubiri unapotengeneza faili la kupakia kwenye miwani.

Sauti: kuweka Spatial Blend (kipimo cha sauti kuwa ya 3D) kwenye 1 hakukupi HRTF. Kunakupa kushoto, kulia na kufifia kwa umbali, basi. Lazima uweke plagini, mfano Steam Audio au Meta XR Audio, uichague Project Settings > Audio > Spatializer Plugin, kisha utie alama ya Spatialize kwenye kila chanzo cha sauti. Ukisahau hiyo ya mwisho, hakuna ujumbe wa kosa. Ngoma ya juu ya kichwa itasikika kama ya mbele tu.

Kwenye ukurasa huo huo badili DSP Buffer Size (kipande cha sauti kinachoandaliwa kabla ya kulia) iwe Best latency. Sampuli zake 256 kwa 48 kHz ni milisekunde 5.3; zile 1024 za Best performance ni 21.3. Kwa ngoma tofauti hiyo inasikika.

Halafu kuna mkono kupita ndani ya ngoma bila kugundulika. Fizikia ya Unity hukimbia mara 50 kwa sekunde (Fixed Timestep 0.02). Mkono unaopiga kwa mita 5 kwa sekunde husogea sentimita 10 kati ya hesabu mbili. Ukiweka kigunduzi (eneo la kutambua mguso) chembamba juu ya ngozi ya ngoma, mkono unakivuka: hesabu moja uko juu, inayofuata uko chini. Kiongezee unene wa sentimita 15 kuelekea ndani ya ngoma, shusha Fixed Timestep hadi 0.0139 ilingane na fremu 72 kwa sekunde za miwani, na pigo lihesabiwe tu mkono ukiwa unashuka. Bila sharti hilo ngoma italia tena mkono unapotoka.

wayaMwekundu

Mguso mmeuruka wote. Kiigizaji cha WebXR (njia ya kivinjari kuendesha VR) kwenye kompyuta hakitetemeshi kitu, na simu kupitia `navigator.vibrate(25)` inajua kuwaka na kuzima tu, haina nguvu ya kati (na iPhone haikubali kabisa). Mtetemo haujifunzwi kwa macho. Kwa hiyo mota kwanza.

Mota ya sarafu ya milimita 10, volti 3, transista 2N2222, rezista ya kilo-ohm 1 kwenye besi ya transista, daiodi 1N4001 sambamba na mota, mstari wake upande wa chanya. Usiunganishe mota moja kwa moja kwenye pini ya Arduino: mota hula takriban mA 75 na pini kikomo chake ni 40. Ukitumia volti 5, analogWrite (amri ya kiwango cha nguvu, 0 hadi 255) isizidi 150, la sivyo unaichosha mota.

Cheza na hii jioni moja utaona tatizo: mota hiyo inazungusha uzito, kwa hiyo nguvu na masafa vinapanda pamoja, na huchukua makumi ya milisekunde kushika kasi. Pigo kali halitoki, unapata mngurumo. Ndipo ununue mota ya aina ya LRA, inayokwenda mbele na nyuma badala ya kuzunguka, na bodi ya kuiendesha, DRV2605L. Bodi hiyo ina mitetemo 123 iliyo tayari, na inajua kuifungia mota breki. Ngozi ya mkono ni nyepesi kuhisi karibu na 250 Hz, na LRA nyingi zimeundwa kwa masafa ya karibu na hapo.

pikseli_pwani

Mkuu, hoja ya mguso naipokea. Ila vidhibiti vya mkononi vya miwani vina mota ndani tayari. Akishaipata miwani, bodi hiyo itabaki droo.

wayaMwekundu

Bodi ibaki droo, mkono utakuwa umeshajua. Atakayeanza na kidhibiti ataandika nguvu 1.0 kila mahali, na baada ya dakika tano mtumiaji hahisi tena tofauti ya pigo na kitufe.

Kwa ngoma anzeni na nguvu 0.9 kwa milisekunde 25, kisha mkia wa 0.3 kwa 60. Chini ya milisekunde 10 mota haijainuka, hakuna kinachohisika. Na angalieni vipimo: WebXR `pulse(0.9, 25)` inahesabu milisekunde, Unity `SendHapticImpulse(0.9f, 0.025f)` inahesabu sekunde. Ukiandika 25 kule Unity, umeagiza mtetemo wa sekunde 25.

MamaFremu

Godot imesahaulika, nitaisemea kwa ufupi. Kihariri hakifiki MB 200, laptopu ya GB 8 inakiendesha bila malalamiko, OpenXR (kiwango cha pamoja cha kuwasiliana na miwani) imo ndani tangu toleo la 4, na mtetemo unaitwa kwa `trigger_haptic_pulse`. Inapopungukiwa ni sauti: AudioStreamPlayer3D haina HRTF yake. Kwa mada hii hiyo ni dosari kubwa, vinginevyo ningeipigia debe.

Kuhusu miwani: Quest 3S ya Meta ilitoka 2024 kwa dola 299 Marekani, kabla ya usafiri na kodi, ila haina tundu la hedifoni la mm 3.5. Quest 3 inalo. Anayenunua kwa ajili ya sauti aliangalie hilo kabla ya ubora wa lenzi. Na ukibuni kwa mikono mitupu bila vidhibiti, mtetemo haupo kabisa. Pigo lote libebwe na sauti na ngozi ya ngoma ionekane ikibonyea.

Kisiki_cha_Mpingo

Asanteni sana. Nimeshika hivi: A-Frame na simu kwa sauti, mota na DRV2605L kwa mguso, Unity ikija miwani. Swali moja: miwani ikifika, ukurasa ulio kwenye laptopu nitaufunguaje bila kupandisha GitHub kila nikibadili mstari? Nasikia WebXR inakataa anwani ya IP.

pikseli_pwani

Inakataa kwa sababu anwani hiyo siyo HTTPS. Ila localhost inaruhusiwa. Washa hali ya msanidi (developer mode) kwenye miwani, unganisha kwa waya wa USB, kubali ombi linalotokea ndani ya miwani, kisha kwenye laptopu andika amri hii ya adb, chombo cha Android cha kuwasiliana na kifaa (8080 ni namba ya mlango wa seva yako ya laptopu):

`adb reverse tcp:8080 tcp:8080`

Kwenye kivinjari cha miwani fungua `http://localhost:8080`. Ukichomoa waya, amri hiyo inabidi uirudie.